Vitambaa Kwenye Mashina ya Karanga

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako anakohoa lakini bado anagomba, kwa hiyo hajambo.

Umeuliza kwa nini nang'ang'ania mbegu hii ya karanga ndogo, wakati madukani Isevya kuna kubwa.

Nilipokuwa msichana, kutu, ule ukungu wa majani, ilikausha shamba letu lote hapa Kigwa, isipokuwa mashina machache. Mama akayafunga vitambaa. Tulipovuna, nikachagua mbegu kama tulivyozoea: nyumbani, kwenye ungo, punje nono tu. Zile ndogo za mashina yenye vitambaa nikazimimina chunguni nizikaange. Mama akazichota kwa mikono mitupu, chungu kimeshaanza kupata moto.

"Mbegu huchaguliwa shambani, si kwenye ungo!"

Siku ile tulikula ugali kwa mlenda mtupu, bila karanga. Msimu uliofuata kutu ilirudi, na zile ndogo ndizo zilizosimama.

Mwaka huu imerudi tena. Jana nimefunga mashina kumi na moja. Kanga uliyoniletea sikukuu ya Idi ndiyo niliyoichana. Usinune, ukija utaikuta shambani, imevaliwa na wanaostahili.

Bibi yako