Kitanda Chini ya Sitaha

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Columbia Heights sote wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, anakusalimu sana. Juzi kwenye simu ulinicheka: kwa nini nahangaika kupaka rangi vyumba vya ndani vya meli yangu ndogo ya plastiki ya kuunganisha, wakati sitaha itavifunika?

Nilipokuwa kijana kule Kalemie, mjomba alituletea mimi na kaka yangu meli kama hii, ya vipande vya kugundisha. Nilikuwa nimeshashika gundi nifunge sitaha. Kaka akanizuia, akapaka kitanda kidogo rangi nyekundu.

“Nani atakiona?” nikafoka.

“Baharia akija kulala.”

Baadaye maisha yalitutawanya, sikugusa gundi tena mpaka nilipostaafu. Jana nilipaka kitanda kimoja kijani, rangi uipendayo, kisha nikafunga sitaha. Ukija, usiibandue kukitafuta. Kipo.

Babu yako