Niliyemwacha Kisiwani

Rågsved, 26 Mei 2024

Mdogo wangu Cyriaque,

Habari za Uvira, na mgongo wako unaendeleaje? Huku tu wazima. Goti langu halipendi ngazi za metro, lakini linanifikisha kanisani. Naandika barua kwa mkono kama kawaida. Binti yangu Gaëlle akija Jumamosi ataipiga picha akutumie.

Tarehe nane kanisa letu litatembelea magofu ya ngome ya kale, kwenye kisiwa katikati ya mto, saa mbili kwa basi kutoka Stockholm. Wenyeji wanasema pana mzimu wa mwanamke aliyejengewa ukutani akiwa hai. Nikueleze: hadithi za namna hii huzaliwa kwa sababu ukuta mnene hurudisha sauti, na mwenye hofu huitia maneno. Nitakwenda na mjukuu wangu Victoire, ana miaka saba, ajifunze mapema.

Sasa la msalaba. Umeomba kuzungumza tarehe ishirini Julai, siku ya kuusimika kwenye kaburi la Mama. Nimelifikiria miezi miwili. Siku ile ya vita aliyokufa Mama, wewe ndiye uliyemshika mkono, na kwa kinywa chako ulisema ulimwachia ukakimbia. Mimi ndiye yaya, kaka mkubwa, neno ni langu: usizungumze, wala usiingie makaburini siku hiyo. Watoto wa ukoo wasidhani ni jambo dogo.

Yaya yako,
Bonaventure


Uvira, 4 Juni 2024

Yaya Bona,

Nakusalimu kwa heshima. Mgongo unavumilia. Mke wangu Elise anauliza kama baridi ya huko imekwisha.

Neno lako nimelisikia. Nitasimama barabarani. Naomba tu usiwaambie watoto kwamba nilichagua. Nilisikia risasi, kisha nikajikuta porini peke yangu. Kati ya hapo na pale sina kitu. Ningekuwa nacho ningekupa.

Mwende salama huko kisiwani.

Mdogo wako,
Cyriaque


Rågsved, 11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Mko salama? Elise je? Wiki tisa sijawauliza. Picha ya barua hii imepinda kwa sababu nimeipiga mwenyewe. Sikutaka Gaëlle aisome.

Nieleze kwanza tulivyovuka. Mama Hortense na akina mama wenzake wa kanisa walitangulia kwa mashua. Wakashuka kwenye chumba cha chini ya ngome kumfunga pepo, wakaomba kama tunavyoomba sisi: wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, kwa nguvu zote. Mimi sikujua. Nilikuwa juu, nimemshika Victoire mkono, namweleza mwangwi ni nini. Ardhi ikaanza kulia chini ya miguu yangu, sauti za wanawake wengi.

Cyriaque, nilijikuta ndani ya mashua. Owuor, Mkenya aliyeshika makasia, ananitazama. Nikamwambia, "Sukuma, twende."

"Na mtoto, mzee?"

Nikasema tena, "Sukuma."

Hakusukuma. Hortense akaja amembeba Victoire. "Mwalimu," akasema, "si umetufundisha mwezi mzima kwamba mzimu hakuna? Sasa ulikuwa unamkimbia nani, mimi?" Watu walicheka mpaka kwenye basi. Victoire hakucheka. Alikaa na Hortense.

Tuliporudi nilimwambia Gaëlle kwamba mtoto aliniponyoka akaenda kujificha. Victoire alikuwa amesimama hapo hapo. Alinitazama, kisha akamwambia mama yake kwa Kiswidi kwamba anataka kwenda nyumbani.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, na risasi zilikuwa za kweli. Ungeweza kusema Mama aliponyoka, nani angebisha? Ulisema ulimwachia, na kwa ukweli huo nimekuadhibu miaka ishirini na minane. Mimi, mzee mzima, nilikimbia maombi, kisha nikadanganya siku hiyo hiyo. Ningekuandikia kabla ya tarehe ishirini Julai ungeingia makaburini. Niliona haya. Nisamehe.

Yaya yako,
Bonaventure


Uvira, 19 Agosti 2024

Yaya Bona,

Sisi wazima, na goti lako lipate nafuu. Elise ndiye aliyenisomea barua. Pale pa Mama Hortense alicheka, nami nikacheka, utuwie radhi.

Msalaba ulisimikwa. Évode, mtoto wa mjomba, alinikuta barabarani akauliza mbona siingii. Nikasema yaya amekataza. Hakuuliza tena.

Nimekusamehe. Lakini kisiwani hukuniacha mimi. Yule niliyemwacha mimi hayupo wa kuambiwa. Wako anakuja kwako kila Jumamosi.

Mdogo wako,
Cyriaque


Rågsved, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na mgongo umetulia. Nimewaandikia wazee wa ukoo, Évode awasomee. Neno langu la Mei nimelifuta na sababu nimewaeleza, kisiwa chote, pamoja na ile "sukuma". Nenda kwa Mama siku utakayo, useme unachotaka. Usingoje ruhusa ya mtu.

Gaëlle nilimwambia mbele ya Victoire. Nilianza kueleza habari za mwangwi, nikaona naeleza bure, nikaacha.

Gaëlle akauliza, "Baba, ulimwambia aondoe mashua?"

Nikasema, ndiyo, mara mbili.

Alimvalisha mtoto koti.

Jumamosi mbili zimepita, hawajaja. Nawangoja. Siwapigii simu.

Yaya yako,
Bonaventure