Fundo la Kamba ya Katani

Madibira

Kwako Veneranda,

Kamwene. Sisi huku wazima. Mpunga umeanza kuchanua na maji ya mfereji mwaka huu yanatosha. Juzi nikirudi huku kupitia Iringa nilikuona pale Ilula, unauza nyanya kwenye madirisha ya basi letu. Nilijifunika pazia.

Juliana, niliyemchukua baada yako, ameharibikiwa mimba ya pili. Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe baba, umeshapimwa?" Nikakumbuka zile mimba zetu tatu zilizotoka. Kila mara uliingia wewe kwa daktari, mimi nikabaki kwenye benchi nimeshika mkoba wako. Hakuna aliyeniita, na mimi sikuuliza.

Sasa nimepimwa. Mbegu zangu ni chache, na nyingi zina kasoro. Daktari anasema mimba inaweza kutoka kwa sababu hiyo, hata kama mama hana tatizo lolote.

Wewe vipimo vyako vyote vilikuwa vizuri, Vene. Mama yangu akasema tumbo lako halishiki, nami nikanyamaza. Nikakubebea mizigo hadi stendi kama naaga mgeni.

Siombi urudi. Jana nimemkuta mama anafunga mizigo ya Juliana kwa kamba ya katani, kama alivyofunga yako. Nimeifungua mbele yake, nikamsomea karatasi ya daktari.

Fundo lenyewe halikuwa gumu. Hata lile la kwako ningeliweza.

Ni mimi,
Timotheo