Jumatano za Bamvua

Kikokoni,
kwa S.L.P. 31,
Kibiti.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Fikirini,

Assalaam alaykum. Kwanza unisamehe. Barua yako ya mwezi wa nane nimeisoma hata imechanika kwenye mikunjo, na kila nikikaa kuijibu Yassin anaamka, au wali unaungua, au mimi mwenyewe nasinzia na kalamu mkononi. Miezi mitatu si adabu, najua. Simu yangu nayo iliingia maji, na haya ninayotaka kukwambia hayatoshi kwenye simu ya kuazima. Baridi ya Arusha inakuendeaje? Kile kikohozi kimekwisha? Na unakula, au bado unashindia chai na maandazi?

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Yassin ana miezi kumi na moja na meno manne, ananing'ata nikimnyonyesha halafu anacheka. Shemeji yako Sadala yuko kwenye mikorosho tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Mama yako goti limepungua uvimbe. Anafika kisimani bila fimbo, na ukimpa fimbo anakuuliza mzee ni nani hapa.

Sasa lile la kliniki. Ulipoomba nikuandikie kwenye daftari saa wanazofika kina mama kliniki ya watoto pale zahanati yetu, ulinieleza kwamba kompyuta yako itaigiza siku nzima: mama amefika, mtoto amepimwa uzito, amechomwa sindano, ametoka. Kwamba haikai kusubiri dakika zipite, inaruka tu kutoka tukio hadi tukio, na siku ikiisha inaianza upya, mara elfu, ili tuone foleni inaziba wapi kabla hatujamsumbua mtu. Nilikuelewa nusu. Nusu ya pili nimeielewa wiki hii, na imeniuma.

Karatasi ya matokeo uliyoituma niliipeleka kwenye kamati ya zahanati kwa mkono wangu. Uliandika kwamba wengi wanafika kabla ya saa nne, na kwamba mlango ukifungwa saa nne kamili, muda wa kusubiri utashuka kutoka saa tatu hadi saa moja na kidogo, wala hakuna atakayekosa huduma. Mwenyekiti wetu, Mzee Shaban, aliisoma mara mbili, akasema kompyuta haina wifi wala shangazi, haitampendelea mtu. Wote wakacheka, na tangu mwezi wa kumi mlango unafungwa saa nne.

Nikwambie kweli, mwanzoni nilifurahi. Jumatano moja nilirudi nyumbani saa tano, nikafua, nikapika, hata nikalala kidogo. Nilisema moyoni, huyu mtoto wa mama mdogo Mungu amzidishie.

Jumatano iliyopita ilikuwa bamvua. Wewe uliondoka huku mdogo, kwa hiyo acha nikukumbushe. Siku za bamvua maji yanajaa alfajiri, na ikifika saa nne ya asubuhi yamekupwa kabisa, mkono wa mto unabaki tope la kiunoni. Wanawake wa visiwani hawawezi kutoka mpaka maji yarudi mchana. Basi wakafika saa nane, mitumbwi mitatu kwa pamoja, kina mama kumi na mmoja na watoto wao, wamelowa mpaka mapajani. Zamani wangepokelewa tu; sasa mlango umefungwa. Nesi Rukaiya yumo ndani anajaza vitabu, ila amri ni amri, na yeye si mwenye kamati.

Mimi nilikuwa nimerudi kufuata kadi ya Yassin niliyoisahau. Alikuwapo Mwanahalima, yule tuliyesoma naye darasa la tano, binti yake ana miezi tisa, siku ya sindano ya surua. Nikamwamkia kwa furaha. Akanitazama, akaniuliza, "Tabu, si wewe mwenye daftari?"

Nikasema ndiyo.

"Basi niandike na mimi. Andika nimefika, nimerudi."

Hakupandisha sauti. Wenzake ndio waliongeza. Mmoja akasema waungwana wa nchi kavu sasa wana kompyuta ya kufungia milango, mwingine akamwambia anyamaze, labda mwezi ujao hao waungwana watawawekea na geti la kuzuia maji. Nilitamani ardhi inimeze. Wakashuka kurudi kwenye mitumbwi, na mtoto wa Mwanahalima hakuchanjwa.

Nilipofika nyumbani nikatoa daftari. Mdogo wangu, nilikuandikia Jumatano nne: tarehe mbili na kumi na sita mwezi wa saba, tarehe thelathini, na kumi na tatu mwezi wa nane. Wiki moja zamu yangu kukaa na watoto na kuwapeleka kliniki, wiki ya pili zamu ya wifi yangu Salama, mimi nakwenda kupalilia mikorosho. Ndiyo maana niliandika wiki moja, nikaruka moja. Sasa hesabu mwezi ulivyokuwa angani. Zote nne zilikuwa za maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayakupwi sana, na mtumbwi unapita asubuhi bila shida. Bamvua inarudi kila baada ya wiki mbili, na mimi nilikuwa naruka hiyo hiyo kila mara. Mtu aliyezaliwa kando ya maji haya. Hata mtoto wa hapa anajua leo maji ni gani, mimi nikaandika saa za ukutani tu.

Kwa hiyo kompyuta yako haikudanganya. Iliigiza mara elfu siku nilizoipa. Lakini na wewe hukuniuliza hawa watu wanafikaje, kwa miguu au kwa maji, mmoja mmoja au kwa mkupuo. Kosa nimelianza mimi, wewe umelipiga muhuri. Tuligawane.

Nimejaribu kwa akili yangu. Nilitandika mkeka, nikapanga korosho mbichi ziwe kina mama, visahani viwili viwe mzani na sindano. Korosho zikija moja moja, foleni inakwenda. Nikizimwaga kumi na moja kwa pamoja, zinaziba pale kwenye sindano hata mzani ukikaa bure. Salama alinikuta, akauliza kama nimeanza kupiga ramli. Nilipomweleza aliketi, akawa yeye nesi. Tukaona kwamba wiki za bamvua kliniki ikianza saa tano mpaka saa kumi, badala ya saa mbili mpaka saa nane, wa nchi kavu hawaumii na wa visiwani wanapona. Lakini korosho kwenye mkeka hazitamgeuza Mzee Shaban. Yeye anaamini karatasi yako.

Nimemwendea. Hakukataa. Amesema iliyofunga mlango ni kompyuta, basi ifungue yenyewe, na kamati inakaa Jumamosi tarehe 29. Hapo ikipita, ratiba inatumwa wilayani kwa mwaka mzima ujao. Mwaka mzima, Fikirini, watoto wa visiwani wakose Jumatano moja kati ya mbili. Usiniambie una mitihani. Najua una mitihani.

Nisalimie mkeo Yasmin na huyo mgeni aliye tumboni, Mungu amtoe salama. Mama yako anakuombea kila swala. Salama, Sadala na Mzee Mtoro wa jirani wanakusalimu wote. Mola akulinde na akupe moyo wa kukubali kukosea, maana huo ndio mgumu kuupata.

Bwana Zaidi wa dukani anasafiri kesho, ataipitisha barua hii Dar. Nimekuwekea na kurasa za daftari, pamoja na saa za maji za Jumatano nane alizonisomea Mzee Mtoro. Unavyotakiwa kunitumia ni hivi, vifike kabla ya Ijumaa tarehe 28: maigizo mapya yenye wiki za maji mafu na wiki za bamvua, kina mama wa visiwani wakifika kwa pamoja, karatasi mbili za matokeo, maandishi makubwa, moja ya kamati na moja nitakayoipeleka visiwani, hesabu ya wangapi wanarudishwa mlango ukifungwa saa nne, na wangapi kliniki ikianza saa tano, na mstari mmoja kwa mwandiko wako mwenyewe, kwamba karatasi ya kwanza ilikosea, chini yake majina mawili, lako na langu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikikukaripia,
Tabu