Ndoo za Mama Nasimiyu

Dada Mwende,

Hamjambo huko nyumbani? Huku Mabanga mvua haitupi nafasi. Mawe ambayo mimi na wapimaji wenzangu tuliyapima juu ya ardhi hayakupatana na rekodi za visima vya zamani, na kijiji kizima kilisubiri tuonyeshe pa kuchimba maji. Ndipo mjane mmoja, Mama Nasimiyu, akatujia. Mumewe alipochimba kisima chao, mama huyu ndiye aliyevuta juu kila ndoo ya udongo.

“Udongo mwekundu, halafu mchanga, halafu mawe ya mviringo kama ya mtoni,” akasema. “Si niliyatoa mimi!”

Tukajua mto wa kale umefukiwa pale na mchanga wake bado umeshika maji, tukachora ramani upya, tukahamisha alama ya pa kuchimba. Leo maji yametoka. Mama Nasimiyu aliita jina la marehemu, akalia, nami nikalia.

Mwambie Mama namshukuru kwa kunisomesha. Nawapenda.

Mutua