Mtihani wa Daktari wa Ng'ombe

Mdogo wangu Kabula,

Mwangaluka! Natumaini hapo Migato ni mhola duhu, amani tupu, mama anakula na mguu wa shemeji umepona. Mimi huku Kilombero ni mzima kama dume la jembe. Juzi nimevuka mto nimeshika mkia wa ng'ombe, mamba wakanipisha kama anapita mkuu wa wilaya. Usipoamini waulize wenyewe.

Barua yako nimeisoma. Unasema yule ng'ombe mwekundu wa mama amevimba tezi na hali majani, na mama hana maziwa mengine ya kunywa. Hapo moyo uliniuma. Halafu unasema amekuja daktari mgeni, ana begi na sindano, anaongea kwa kujiamini. Neno hilo umeliandika mara tatu, Kabula! Mara ya tatu nikaiweka barua chini.

Tangu mambo yawe ruksa na josho la serikali likauke, kila mwenye begi ni daktari. Bwana mifugo wetu wa zamani, yule mzee aliyekuwa akitoka Maswa kwa baiskeli, alishika masikio, akabonyeza tezi, akauliza amechungwa wapi, halafu akasema, "Subirini, sijajua." Huyu wako ameuliza nini?

Sasa fanya hivi. Mgonjwa usimwonyeshe. Mpe ng'ombe mzima wa shemeji, mwambie huyu ndiye asiyekula majani. Akitoa sindano tu, mwonyeshe njia aliyojia.

Utauliza nimeijuaje dawa hiyo ya madaktari wa begi. Huku na mimi nina begi. Wananiita Daktari Masanja, na nimeponya wengi, hata waliokwisha kuchunwa nusu. Basi bibi mmoja akaniletea ng'ombe. Nikamtupia jicho, nikasema kwa kujiamini kabisa, "Ndigana kali, mama, ile homa ya kupe. Bila sindano, kesho ni nyama."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huyu ni mzima. Mgonjwa nimemwacha zizini. Nilitaka nikupime wewe kwanza."

Begi nimelitundika. Shemeji usimwambie.

Barua nampa dereva wa lori la mchele linalokuja Shinyanga, maana mgonjwa hangoji. Msalimie mama, shemeji na wapwa zangu wote. Na huyo mgeni akimshika ng'ombe mzima, akakuna kichwa, akasema, "Mama, huyu mbona simwoni na ugonjwa," mkimbize kwa ng'ombe wa mama, hata kama haongei kwa kujiamini.

Ni mimi kaka yako,
Masanja