Usimpandishe Zuhura Treni

Maganzo,
Shinyanga.

Dada Mwamini,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, na kabla hujamwita shemeji aje asikilize, shika hili kwanza: usimpandishe Zuhura treni. Ile barua niliyokuletea kabla ya mfungo, ya kusema chumba kimepatikana na mtoto aje pamoja na Mama Asha atakapoleta dagaa, ichane. Kama nguo zake umeshazifunga, zifungue. Hii nimempa mama mmoja anayerudi Ujiji, maana posta siiamini kwa jambo la haraka.

Sasa tuulizane hali. Mimi sina homa, na ule mguu niliokuwa nikiulalamikia umepona wenyewe bila dawa. Kifua cha shemeji kimetulia? Huko najua kumenyesha. Huku mbingu zimekauka, ng'ombe wa Kishapu wanapitishwa barabarani mbavu nje, na vumbi lao tunalila na ugali.

Najua utakasirika, na una haki. Wewe ndiye uliyekaa na Baba Zuhura na mjomba wake walipokuja kudai mtoto, kwamba ametimiza miaka saba na mtoto wa kike sasa akae kwa baba. Ukawajibu kuwa mama yake ana kazi, ana nyumba, na atamchukua mwenyewe. Ulinisemea vizuri, dada, nami nilihangaika ili uwe umesema kweli. Acha nikueleze hiyo nyumba.

Kazi niliipata siku ile ile niliyoshuka na cherehani yangu. Wachimbaji wa almasi wakipata kitu hukimbilia kushonesha suruali, wasipopata huleta zile zile zitiwe viraka, kwa hiyo fundi halali njaa. Mama Kulwa mwenye duka akanipa baraza yake nikae. Lakini chumba? Hapa mwanamke asiye na mume hapangishwi. Kila mlango niliobisha niliulizwa, "Mzee yuko wapi?" Nikisema sina, macho yanahama usoni kwangu yanashuka kiunoni. Mmoja alitaka nilete barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi naye akasema hawezi kumwandikia barua mtu ambaye hana nyumba katika nyumba zake kumi. Nilicheka nikidhani ananitania, kumbe alikuwa anasema kweli.

Nilianza kwa kulala nyuma ya kilabu cha pombe, chumba ambacho mlango wake ni gunia. Kisha bibi mmoja akanigawia upande wa banda la mbuzi, na mbuzi wenyewe hawakuhama. Nilikuwa nakwenda kazini ninanuka beberu, wateja wananusa nguo zao kabla ya kuzichukua. Hayo sikukuandikia. Nilikuandikia kwamba nimepata pa kujishikiza, na pa kujishikiza ndipo hapo.

Mwisho akanipokea Mzee Shija. Huyu alikuwa mkulima wa pamba, akaacha pamba akaja kuchimba, na sijasikia kuwa amewahi kupata kitu. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, juu bati, vyumba vimepangana na kuta za ndani haziendi mpaka juu, kwa hiyo jirani akijigeuza kitandani unajua kageukia wapi. Lakini kulikuwa na dirisha, na mlango wa mbao, na kufuli. Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, nisije nikatia saruji sakafuni, kana kwamba siku hizi saruji inaonekana. La pili, taka zangu nisizitupe nje, nizimwage kwenye pipa lake nyuma ya nyumba.

"Mayu, wewe umepanga chumba," aliniambia, mayu kwao Wasukuma ndiyo mama. "Mchanga wake ni wangu."

Mvua zikija hulimwaga pipa lile na kuzichekecha taka za mwaka mzima, akitafuta jiwe. Sio yeye peke yake. Maganzo nzima imejengwa juu ya changarawe inayoweza kuwa na almasi, na kila mwenye nyumba anaamini kuwa ya kwake iko chini ya kitanda cha mpangaji. Mimi nikaona ni wazimu usionidhuru. Kila asubuhi nilipeleka vumbi langu pipani, pamoja na nywele zangu na vipande vya uzi, naye ananiitikia, "Wabeja, mayu," ananishukuru kama niliyempelekea uji. Hapo ndipo nilipokuandikia kuwa mtoto aje.

Nikaanza kumtayarishia. Sakafu ile ilikuwa ya udongo mtupu, na kwenye vumbi lake walijaa funza. Mimi walinila vidole mpaka nikawa nachechemea, nikasema mwanangu hawatamla. Wewe unajua tulivyolelewa, mama alikuwa hakubali sakafu ipasuke. Nikaazima jembe kwa Mama Kulwa, nikakata tuta lililokuwa karibu na mlango, nikajaza mashimo, nikachanganya udongo mweupe na kinyesi cha ng'ombe nikasiriba chumba chote kwa mikono yangu. Kilipokauka kilikuwa chumba cha watu. Nilikaa mlangoni nikakitazama, na sikuwa nimefurahi namna ile tangu nitoke kwetu.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Shinyanga mjini kutafuta uzi, maana hapa umeadimika. Niliporudi alasiri nikakuta kitanda changu kiko uani miguu juu, cherehani imelazwa ubavu kwenye majivu, na watu wamejaa wanatazama ndani. Mzee Shija alikuwa chumbani mwangu ndani ya shimo, linamfika kiunoni, na wanawe wawili wanatoa mchanga kwa karai. Ile sakafu haikubaki hata pa kuweka sufuria.

"Mayu," akaniuliza kutoka shimoni, bila hasira, "umeliuza kwa nani?"

"Nimeuza nini?"

"Usinifanye mtoto. Jirani amesikia jembe. Umechimba, umefukia, umesiriba juu, kesho yake umekwenda mjini. Ungekuwa wewe mimi, ungefikiri nini?"

Ubaya wake, dada, yalipopangwa hivyo hata mimi ningejishuku. Nikamwambia nilikuwa nasawazisha kwa sababu ya funza, mwanangu anakuja. Balozi akaitwa. Huyu naye akaniuliza, mbele ya kadamnasi, lile tuta nimekaa nalo miezi yote hiyo, mbona limenikera juzi tu? Nikarudia kuwa mtoto anakuja. "Mtoto wako hajawahi kuona tuta?" akasema, na watu wakacheka. Kisha akaamuru wanawake wanipekue.

Walinipeleka chumba cha jirani. Mama Kabula, mke wa Mzee Shija, ambaye alikuwa akinipa maziwa asubuhi, ndiye aliyenifumua nywele, msuko baada ya msuko, anapitisha vidole. Wakatatua mto, wakatatua pindo za nguo, wakachokoa hata matundu ya mafuta ya cherehani. Sehemu nyingine walizopekua sitaziandika. Siku niliyopewa talaka niliona aibu, lakini ile nilikuwa na nguo mwilini. Nawachukia, dada. Naliandika neno hili nikiwa nimetulia, na sitalifuta.

Hawakuona kitu, na kutokuona kwao kukawa ndio ushahidi. Kama halipo, basi ameliuza, au amelificha mahali pazuri zaidi. Tangu jioni ile nimekuwa mtu. Wanawake waliokuwa hawaitikii salamu yangu sasa wananiita kwa jina la mtoto. Wanaume wawili wameleta posa, mmoja wao ni yule aliyekuwa akinusa suruali zake. Na wale wenye nyumba waliouliza mzee wangu yuko wapi, wote wamekumbuka kuwa wana chumba. Nilipokuwa fundi mwaminifu sikupata pa kulala, nilipokuwa mwizi nikachagua.

Nilichagua kwa Bwana Sefu. Huyu ni mnunuzi wa mawe, hununua kwa kificho, baba yake alitoka Bagamoyo na mama yake Msukuma wa hapa hapa. Alikuja barazani na kanzu yake imepigwa pasi, akaniamkia kwa adabu. "Dada Tatu, wewe ni mtu wa kusali kama sisi. Hatuwezi kukuacha unadhalilishwa. Nina chumba, kodi tutazungumza huko mbele." Nilimwambia ahsante. Sikusema ninalo. Sikusema sina.

Unaweza kunisema, dada, lakini uone kwanza hicho chumba. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, kuta zimepigwa lipu, dirisha lina wavu wa mbu, choo kina mlango. Nilipoingia nilivua viatu nikatembea huku na huku nikisikia ubaridi wa saruji kwenye nyayo. Nikajiambia, mwache aamini anachoamini. Zuhura atalala mahali pasipo na funza, Baba Zuhura akija ataona nyumba, na huyu Bwana Sefu akichoka kungoja atanifukuza, nitakuwa nimeshajipanga. Nilikuwa nimekwisha amua, na wala sikuona haya.

Juzi akaja kunitembelea nikiwa nashona chumbani. Alikaa kwenye kiti mlangoni, mlango wazi, kwa heshima zake. Akauliza Zuhura anakuja lini, akaniambia ameshaagiza godoro la mtoto kutoka mjini. Nikashukuru. Akauliza kama mtoto anapenda peremende, nikasema mtoto gani asiyependa. Ndipo akacheka, kile kicheko chake cha taratibu.

"Basi mwache aje haraka," akasema. "Sisi watu wazima tuna siri nyingi, tunachoshana. Mtoto hajui kuficha. Ukimpa peremende, ukamuuliza polepole, anakuonyesha mama anaweka nini na wapi."

"Na kama mama haweki kitu?" nikamuuliza.

"Ataulizwa tena," akasema, bado anacheka. "Watoto husahau."

Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Yeye aliendelea kuzungumza habari za mvua, akaaga, akanitakia mchana mwema. Mimi sikushona tena siku ile. Nilikuwa namwona Zuhura kwenye kile kiti, miguu haifiki chini, anaulizwa kitu asichokijua, halafu anaulizwa tena. Wewe unajua alivyo. Akiulizwa sana hubuni jibu ili mtu mzima afurahi. Angewaambia liko mahali fulani. Wangekwenda wakachimba, wasilione, wakarudi kwake.

Utaniuliza kwa nini nisifunge virago nikarudi kwenu. Nimejaribu. Wiki hii nilikwenda stesheni ya Shinyanga kuuliza habari za treni, na mtoto wa Mzee Shija akapanda basi lile lile, akakaa nyuma yangu, akashuka niliposhuka, akasimama dirishani pa tikiti akijifanya anasoma ukuta. Hata hakujificha. Nikipanda treni leo, watapanda. Watashuka nami Kigoma, watanifuata mpaka kwako, na wewe utaamka siku moja ukute shemeji amefungwa kamba na sakafu yenu imekuwa shimo. Siwezi kukuletea hayo. Inabidi nikae hapa nishone, nionekane maskini kila siku, mpaka litajwe jiwe la mtu mwingine na wao wahamie kwake. Huenda ni mwezi, huenda ni miaka.

Chumba chenye saruji nimekirudisha. Bwana Sefu hakukasirika, alisema tu kuwa mlango uko wazi nikikumbuka. Nimerudi kwa yule bibi, upande wa mbuzi.

Kwa hiyo dada, mpeleke Zuhura kwa baba yake. Usingoje aje tena kudai, mpeleke wewe, mchana, watu wakiona, ili asije akasema alishinda. Yule mwanamke aliyenaye simpendi, lakini sijasikia kuwa hupiga watoto, na nyumba yao ni ya kwao. Mwambie mtoto hupenda kulala upande wa ukutani. Mwambie tena kuwa dagaa wabichi humletea vipele, asimlazimishe.

Nisalimie mjomba Rajabu, umwambie kofia yake nilishaimaliza, nitampa mtu anayekuja huko. Nisalimie shangazi wa msikitini, yule aliyenifundisha kukata kanzu. Mama Asha mwambie asinune kwa kuvurugiwa safari. Shemeji mpe shikamoo yangu, na umsomee barua hii uparuke pale nilipopekuliwa.

Zuhura usimsomee kabisa. Mwambie mama amesema aende kwa baba, basi. Atalia. Akilia mwache alie, usimnyamazishe kwa kumwambia kuwa nitakuja Idi, kwa sababu siji, naye atakaa Idi nzima mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Tatu.